Umeme Ukicheza: Ni Nini Hasa Kinachounguza Vifaa vya Nyumbani

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyelalamikia umeme alikuwa analalamikia mgao. Siku hizi neno hilo limepungua midomoni. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ikawa imekamilika. Umeme upo. Lakini pita kwa mafundi wa runinga na friji, iwe Kariakoo au Mwanza mjini, uone vifaa vilivyopangwa ukutani vikisubiri zamu: pawa saplai iliyokufa, kompresa iliyoungua, bodi ya mashine ya kufulia yenye alama nyeusi. Muulize mwenye kifaa kilichotokea, na mara nyingi jibu ni lile lile: umeme ulicheza. Ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya mwisho kifaa hakikuwaka.

Mgao na kucheza kwa umeme ni matatizo mawili tofauti, na ufumbuzi wa moja hauondoi jingine. Mgao hutokana na uchache wa umeme kwenye mitambo. Kucheza hutokea njiani, kati ya kituo cha kupozea umeme na soketi ya sebuleni, na huko megawati mpya hazirekebishi kitu. Tena saa ya hatari siyo ile ya giza. Vifaa vingi vya nyumbani huumia katika sekunde chache ambazo umeme unarudi, wakati watoto wa mtaa wanapiga kelele za furaha.

Tuanze na umeme ulio sawa. Soketi ya Tanzania inatakiwa kutoa volti 230, ya Kenya volti 240, na nchi zote mbili umeme wake huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 20. Hiyo 230 ni aina ya wastani. Ndani ya kila mzunguko volti hupanda hadi kilele cha 325 hivi, hushuka hadi sifuri, hugeuka upande wa pili na kurudia. Namba hizi tatu, 230, 20 na 325, zitatusaidia mbele.

Viwango vya Ulaya, ambavyo mashirika mengi ya umeme duniani huvitazama, vinahesabu kuwa volti zimeshuka pale zinapoanguka chini ya asilimia 90 ya kawaida kwa muda wa kuanzia milisekunde 10 hadi dakika 1. Zikianguka chini ya asilimia 5, umeme umekatika. Kwa aliyekaa sebuleni, kushuka huko ni taa kufifia mara moja na kurejea, na mara nyingi haulizi sababu.

Sababu yenyewe huwa mbali na nyumba yake. Kituo kimoja cha kupozea umeme hulisha laini kadhaa za kilovolti 33 au 11, na zote huchukua umeme wake mahali pamoja. Tawi la mwembe likiangukia laini inayokwenda kijiji cha mbali, mkondo mkubwa hukimbilia penye hitilafu, na volti za laini zote za kituo kile huanguka mpaka laini mbovu itengwe. Laini yako haikuguswa na chochote. Taa yako imefifia kwa sababu ya mti usioujua, katika kijiji ambacho pengine hutafika.

Aliyeko kwenye laini yenye tawi ana kisa kingine. Swichi maalumu, iliyoko kituoni au juu ya nguzo, hukata umeme, husubiri kitambo kifupi, kisha huurudisha yenyewe bila mkono wa mtu. Wahandisi waliibuni kwa hesabu nzuri, kwa kuwa hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita: ndege aliyegusa nyaya mbili, jani la mnazi lililopeperushwa na upepo, radi. Jani likishaungua na kuanguka hakuna haja ya kumtuma fundi na gari usiku wa manane. Hitilafu ikiwa bado ipo, swichi hukata tena na kujaribu tena, na baada ya majaribio machache huacha umeme ukiwa umekatwa mpaka watu wafike. Ndiyo maana umeme hukatika na kurudi mara mbili au tatu kabla ya kuzimika moja kwa moja. Mchezo tunaoulaani ni mtandao unaojaribu kujiokoa, na kwa upande wa mtandao ni jambo la busara kabisa. Gharama ya kila jaribio inalipwa ndani ya nyumba zetu.

Pwani ina adui wake. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya vikombe vya nguzo vinavyoshikilia nyaya. Chumvi kavu haina madhara, lakini ikiloweshwa na umande wa alfajiri au manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, huanza kupitisha umeme. Cheche huruka juu ya kikombe na laini hukatwa. Mvua kubwa ni nafuu kwa sababu huosha. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanaoshangaa kwa nini umeme wao hucheza asubuhi tulivu isiyo na upepo wala radi, sababu moja ni hiyo. Bara, hasa ukanda wa Maziwa Makuu, adui ni radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa sehemu inayoongoza Afrika kwa radi: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Na radi haihitaji kuipiga nyumba. Ikipiga ardhi jirani na laini, huamsha ndani ya nyaya volti elfu kadhaa kwa muda mfupi mno, na mshtuko huo husafiri hadi kwenye soketi. Wanyama nao wamo: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, Kenya, na nchi karibu yote ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Kisha kuna sababu za mtaani, na hizi watu wanazijua kwa majina. Mota ya mashine ya kusaga nafaka, inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishakolea. Mashine ya kuchomelea vyuma huvuta kwa vipindi, kila fundi anapogusisha fimbo. Kama transfoma ni ndogo na nyaya ni nyembamba na ndefu, kila mvuto huo huonekana kwenye taa za majirani. Mitaa yetu mingi imekua hivyo: transfoma iliwekwa kwa ajili ya nyumba chache, nyumba zikaongezeka, laini ikarefushwa nguzo baada ya nguzo, na aliyejenga mwishoni anapokea volti 180 saa 2 usiku, wakati kila mtu amewasha pasi, jiko na pampu ya maji. Jicho la binadamu halidanganyiki katika hili. Huona zaidi mwanga unaopepesa mara 8 au 9 kwa sekunde, na kwa balbu ya waya mabadiliko ya volti yasiyofika asilimia 1 yanatosha kumkera msomaji. Kipimo cha kimataifa cha kupepesa kwa mwanga kilijengwa juu ya balbu ya waya ya wati 60.

Balbu hiyo inastahili neno, hata kama imekaribia kutoweka madukani. Waya wake wa ndani ukipata moto haupoi mara moja, kwa hiyo mshuko wa mzunguko mmoja hupita bila kuonekana sana. Lakini volti zikikaa chini, mwanga huanguka kwa kasi kuliko volti zenyewe: pungufu ya asilimia 10 ya volti huondoa karibu asilimia 30 ya mwanga. Zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu hupungua karibu nusu. Kwa maneno mengine, kila nyumba ilikuwa na kipimo cha volti kinachoning'inia darini, bure. Mama wa nyumbani alitazama taa nyekundu ya jioni akasema umeme ni mdogo leo, tusiwashe friji. Alikuwa sahihi.

Tyubu laiti yenye choki na stata ina tabia nyingine. Mwanga wake ni cheche inayodumu ndani ya gesi, na cheche hiyo hujiwasha upya kila volti zinapopita sifuri, mara 100 kwa sekunde. Volti zikishuka vya kutosha cheche huzimika, stata huanza kazi upya, na chumba hupepesa mara mbili tatu kabla ya kutulia. Kila kuwashwa hula sehemu ya ncha za tyubu. Ule weusi unaoonekana pande zote mbili ni alama ya kuwashwa huko. Taa kubwa za barabarani na viwanjani zinazotumia gesi ni mbaya zaidi: zikizimika kwa mshuko wa nusu sekunde hazikubali kuwaka mpaka zipoe, na hilo huchukua dakika kadhaa.

Siku hizi wengi tunatumia taa za LED, na ndani ya jina hilo moja mna bidhaa mbili zisizofanana. Ile ya bei ya chini kabisa hupunguza volti kwa kapasita moja ndogo na haina akiba ya maana. Kila mtikisiko wa laini huonekana kwenye mwanga, na mshtuko ukija huzifikia diodi zenyewe. Ile iliyotengenezwa vizuri ina saketi inayorekebisha mkondo, na juu ya boksi imeandikwa kwamba inafanya kazi kuanzia volti 85 au 100 hadi 265. Hiyo hutoa mwanga ule ule kwa volti 240 na kwa volti 150. Ninaipendekeza, ila mnunuzi ajue kitu kimoja. Taa isiyofifia imetunyang'anya onyo. Sebule inang'aa vizuri huku soketi ina volti 160, na friji inahangaika kuwaka jikoni bila mtu kujua. Kipimo kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi, chenye namba zinazoonekana, kimekuwa cha lazima kuliko zamani, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompresa.

Runinga, king'amuzi, kompyuta, ruta na chaja ya simu zote zina mlango mmoja unaofanana. Umeme unaoingia hunyooshwa, kisha hujaza kapasita moja nono hadi karibu volti 325, na saketi inayofuata huchota humo. Kapasita ndiyo akiba. Chukua runinga inayotumia wati 60 yenye kapasita ya maikrofaradi 100. Kutoka volti 325 hadi 120, ambapo tuseme saketi inashindwa, kapasita hiyo inatoa nishati ya jouli 4.6 hivi, inayoiendesha runinga milisekunde 76, karibu mizunguko 4. Mshuko mfupi kuliko huo runinga haiusikii. Sasa rudia hesabu kwa nyumba ya mwisho wa laini yenye volti 190. Kilele kimeshuka hadi 269, akiba imekuwa jouli 2.9, na muda ni milisekunde 48 tu. Runinga ni ile ile, imenunuliwa duka lile lile. Umeme mdogo wa kila siku umekula zaidi ya theluthi ya ustahimilivu wake, na mtikisiko unaopita kimya kwa jirani wa karibu na transfoma unaizima ya huyu.

Kuzimika kwenyewe hakuui runinga. Kwa kompyuta kunaweza kuharibu faili lililokuwa linaandikwa, na king'amuzi kikikatiwa umeme katikati ya kusasisha programu yake kinaweza kugoma kabisa. Kinachoua ni kurudi. Kapasita tupu ikikutana ghafla na kilele cha volti 325 huvuta mkondo mkubwa wa kufumba na kufumbua, na watengenezaji hulijua hilo. Katika vifaa vingi njia ya kuingilia huwekwa kidude cha duara ambacho kikiwa baridi huzuia mkondo, na kikipata moto huuachia upite kwa urahisi. Umeme ukikatika usiku kucha, kidude hupoa na asubuhi hufanya kazi yake. Ukikatika sekunde 2 na kurudi, kapasita imekwisha kuwa tupu ilhali kidude bado ni cha moto, hakizuii kitu. Mkondo wote hupita. Fyuzi na diodi hupigwa, zikavumilia mara ya kwanza, mara ya kumi, na siku moja zikakataa. Mtu atasema runinga iliungua jana. Ukweli ni kwamba ilikuwa inaungua kidogo kidogo tangu mwaka juzi.

Friji ina kisa cha peke yake, na ndicho kinachoumiza mifuko zaidi. Kompresa ikifanya kazi inasukuma gesi kutoka upande wa shinikizo dogo kwenda upande wa shinikizo kubwa. Ikisimama, mashinikizo hayo mawili huhitaji dakika 3 hadi 5 kusawazika. Umeme ukirudi baada ya sekunde 5, mota inatakiwa kuanza kuzunguka dhidi ya shinikizo kamili, na nyingi haziwezi. Inasimama pale pale huku ikivuta mkondo mara 5 au zaidi ya kawaida, inatoa mngurumo mzito, kisha kinga ya joto inasikika ikikata: tak. Baada ya muda inapoa, inaunganisha, mota inajaribu tena. Ukisikia tak hiyo ikijirudia jikoni, chomoa friji mara moja. Kila mlio ni nyaya za mota zinazochemka. Na kumbuka kwamba umeme unaporudi, kila friji na kila pampu ya mtaa ule inataka kuwaka kwa pamoja, kwa hiyo volti za dakika ya kwanza mara nyingi ni ndogo kuliko za kawaida. Siku ambazo gridi nzima imeanguka, kama ilivyotokea Kenya tarehe 25 Agosti 2023 na Tanzania tarehe 1 Aprili 2024, umeme hurudishwa eneo baada ya eneo, na kujaribu na kukatika tena kunaweza kuendelea kwa muda. Mota inaombwa nguvu nyingi kuliko siku zote, wakati umeme wenyewe ni dhaifu kuliko siku zote.

Kwa sababu hiyo naiona friji gadi kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko kinga nyingine yoyote ya nyumbani. Kazi yake kubwa ni kusubiri. Umeme ukirudi haiuachii ufike kwenye friji mpaka dakika 3 hivi zipite, na volti zikiwa chini mno au juu mno hukata. Asiye nayo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono: umeme ukikatika, chomoa friji, ukirudi na kutulia dakika 5, chomeka. Kiyoyozi kinataka heshima hiyo hiyo, ingawa vingi vya kisasa vina kusubiri huko ndani yake.

Nimeacha kwa makusudi tukio baya kuliko yote, ambalo si mshuko wala mkatiko. Transfoma ya mtaa hutoa nyaya nne: tatu za moto na moja ya nyutro. Nyumba ya njia moja hupewa waya mmoja wa moto na nyutro, na kati ya hizo mbili ni volti 230. Kati ya waya mmoja wa moto na mwingine ni volti 400. Nyutro ndiyo inayoshikilia usawa. Ikikatika au kiungo chake kikilegea kwa kutu, nyumba za nyaya tofauti hujikuta zimeungana kwa mfululizo kati ya volti 400, na kila upande huchukua sehemu kulingana na mzigo wake. Upande wenye vifaa vingi vilivyowashwa hupata volti chache, taa zikafifia. Upande wenye taa mbili tatu na runinga moja hupokea volti 300, au zaidi. Kwa volti 400 kilele ni 565, na kapasita ya runinga imeandikwa ubavuni mwake 400 au 450. Haitadumu.

Kaa pembeni ya meza ya fundi siku ya pili yake utayaona mwenyewe. Anafungua kifaa, anaangalia fyuzi ya kioo kwanza. Kama waya wake umeyeyuka taratibu na kioo ni safi, kulikuwa na mzigo uliozidi kidogo kwa muda. Kama kioo kimejaa masizi, ulipita mkondo mkubwa ghafla, na anajua atakuta diodi au transista imeungana. Kisha kapasita: kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa, lakini hapa kimevimba, au kimefunguka na kutoa maji ya kahawia. Pembeni kuna kidude kingine cha duara, cha bluu au cha njano, kilichowekwa ili kumeza mishtuko. Kikipasuka vipande viwili, fundi hutikisa kichwa na kuuliza, na majirani je? Swali hilo lina maana. Runinga moja ikifa ni kifaa. Runinga nane za mtaa mmoja zikifa usiku mmoja, mara nyingi ni nyutro.

Sasa kinga, na hapa wengi hununua kitu sahihi kwa tatizo lisilo lake. Stebilaiza hurekebisha umeme mdogo au mkubwa unaokaa kwa muda. Kwa nyumba ya mwisho wa laini ina thamani, maana huirudishia runinga akiba yake. Haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika sekunde moja haina cha kutoa, na swichi zake za ndani ni za polepole mno kuzuia mshtuko wa radi. UPS ya kawaida huhamia betri ndani ya milisekunde 4 hadi 10, na kwa kuwa pawa saplai nzuri ya kompyuta hustahimili milisekunde 16 au zaidi, kompyuta haitambui kwamba kulikuwa na giza. Inafaa kompyuta na ruta. Usiichomeke friji, mkondo wa kuanzia wa kompresa utaishinda. Ekstensheni zenye kinga ya mishtuko zina kile kidude cha bluu, na kila mshtuko hukipunguza nguvu, kwa hiyo yenye miaka mingi inaweza kuwa imebaki ekstensheni tu. Nyingine hazikuwa nacho tangu dukani, zina taa nyekundu peke yake.

Kinga zote za mishtuko, kubwa na ndogo, hutegemea sana waya wa ethi. Kidude humeza mshtuko kwa kuupeleka mahali, na mahali penyewe ni ardhini kupitia fimbo ya shaba nje ya nyumba. Nyumba nyingi fimbo ni fupi, au kiungo kimekatika, au shaba imeibwa, na wenye nyumba hawajui kwa sababu taa zinawaka kama kawaida. Mwombe fundi mwenye leseni aipime, hasa mwisho wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Radi ikiwa karibu, hata hivyo, hakuna kinga inayoshinda kuchomoa plagi, pamoja na waya wa antena.

Yote hayo ni upande wa mteja, na naona si haki mteja abebe mzigo wote. Mashirika ya umeme hupimwa kwa vipimo viwili vinavyojulikana duniani kwa vifupi vya SAIDI na SAIFI: mteja alikaa gizani saa ngapi kwa mwaka, na alikatiwa mara ngapi. Wasimamizi wa nishati, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, huvitumia katika taarifa zao. Lakini kwa kiwango kinachofuatwa Marekani, mkatiko usiozidi dakika 5 hauingii katika hesabu hizo. Ulaya mpaka ni dakika 3. Ile michezo ya sekunde mbili mbili inayojaza meza za mafundi haionekani popote. Shirika linaweza kupata alama nzuri mwaka ambao friji za wateja wake ziliungua. Kuna kipimo cha mikatiko mifupi, kinaitwa MAIFI, na mita za kisasa zina uwezo wa kurekodi volti zilizofika mlangoni kwa mteja. Teknolojia ipo. Kinachotakiwa ni msimamizi aidai.

Kazi yenyewe ya kupunguza mchezo haina sifa za kuzinduliwa na kukatwa utepe: kukata matawi kabla ya masika, kuosha au kubadilisha vikombe vya pwani, kukaza viungo vya nyutro, kugawa nyumba sawasawa kwenye nyaya tatu za transfoma, kuongeza transfoma kabla laini haijarefuka mno. Tulijenga bwawa kwa miaka na kwa matrilioni ya shilingi, na lilihitajika. Asilimia ndogo ya bidii ile ikielekezwa kwenye nguzo za mtaani ingeokoa vifaa ambavyo familia huvinunua kwa akiba ya miezi.

Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua kwamba mteja aliyepata hasara kwa umeme mbovu anastahili fidia. Ugumu uko kwenye ushahidi, kwa sababu mtikisiko hauachi alama nje ya kifaa. Kwa hiyo, popote ulipo, andika tarehe na saa, piga picha namba ya kipimo cha volti, hifadhi maelezo ya fundi yanayosema nini kiliungua, na uwaulize majirani kama nao walipata hasara usiku ule ule. Mkaripoti pamoja, kwa maandishi, na mdai namba ya taarifa. Na siku taa zako ziking'aa kupita kawaida, usisubiri kuona kitakachotokea: zima mein swichi kwanza, waambie majirani wazime zao, kisha pigeni simu ya dharura ya shirika mwaeleze kwamba nyutro imekatika.